Mawe ya Kutazama: Shajara ya Safari kutoka Ueno hadi Mto Kamo

Jumamosi, Ueno

Anayetaka kuyafahamu mawe ya suiseki na aende Japani mwezi wa Februari. Wakati huo Tokyo huwa na maonyesho, na mito ya milimani huwa imepungua maji hata changarawe zimebaki wazi. Baridi ni kali, glavu ni lazima.

Maonyesho ya kitaifa ya suiseki yamekuwa yakifanyika tangu 2014 katika Jumba la Sanaa la Jiji la Tokyo, ndani ya bustani ya Ueno. Jumba hilohilo hupokea Kokufu-ten, maonyesho ya bonsai (miti midogo inayokuzwa chunguni) yaliyoanza 1934, kwa hiyo watazamaji wengi huwa wameshazoea kutazama kitu kidogo na kuwaza kikubwa.

Suiseki ni jiwe lililoumbwa na maji, upepo au udongo, ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba, likawekwa ndani ya nyumba ili litazamwe. Mengi yana upana wa sentimita 10 hadi 40. Likizidi sana hapo, linakuwa jiwe la bustani. Halichongwi, na thamani yake haitokani na madini yaliyomo.

Ukiingia ukumbini utakuta makundi matatu. La kwanza, ambalo ndilo kubwa, ni mawe ya mandhari, sansui keiseki. La pili ni mawe yanayofanana na kitu au kiumbe, keisho-seki: kibanda, mashua, ndege, mtu aliyeketi. La tatu ni mawe yenye michoro, monyo-seki, ambayo rangi na mishipa yake hutoa picha ya ua, mwezi au theluji.

Kundi la mandhari ndilo lenye matawi mengi, nalo ndilo linalofaa kujifunzwa kwanza:

Toyama-ishi ni mlima unaoonekana kwa mbali. Mteremko wake ni wa taratibu, upana unazidi kimo mara tatu au zaidi, kilele hakiko katikati kabisa, na ncha mbili za chini zinakuja mbele kidogo kuelekea kwa mtazamaji. Zikirudi nyuma, jiwe linaonekana kama linakimbia. Kikiwa kilele kimoja huitwa koho, vikiwa viwili soho, na safu ya vilele ni renzan.

Dan-seki lina ngazi: uwanda tambarare, genge fupi, uwanda mwingine. Ngazi mbili hadi tatu zinatosha. Doha ni mteremko mpole wenye kilima kidogo upande mmoja. Shimagata ni kisiwa, nalo ni fupi kuliko mlima na kingo zake hushuka majini pande zote. Mizutamari lina shimo linaloshika maji. Taki-ishi lina mshipa mweupe, mara nyingi wa kwatsi au kalisaiti, unaoteremka kama maporomoko. Amayadori lina paa la mwamba lililojitokeza, mahali mtu angejikinga na mvua. Domon lina tundu lililotoboka upande hadi upande.

Jiwe moja linaweza kuingia katika matawi mawili, na hakuna ubaya. Ubaya ni kulitaja jina kabla ya kuligeuza. Jina lina kazi moja tu, kumwambia mwenye jiwe alikalishe vipi. Ukisema ni kisiwa, umeshaamua kuliweka kwenye sinia la mchanga. Ukisema ni mlima wa mbali, umeamua kulilaza chini na kulipa nafasi pana. Waliokosea jina hukosea na kiti.

Mbele ya kila jiwe la Ueno kuna kibao kidogo chenye jina la mto au mahali lilipotoka: Kamogawa, Setagawa, Ibigawa, Kamuikotan, Sado, Furuya. Huu ni uainishaji wa pili, nao unasema jiwe lisafishwe vipi na litarajiwe kuwa gumu kiasi gani. Mawe ya Kamuikotan huko Hokkaido ni meusi au ya kijani iliyokolea na hung'aa kwa kusuguliwa na mikono tu. Akadama ya kisiwa cha Sado ni jaspi nyekundu. Furuya-ishi ya Wakayama ni nyeusi yenye makunyanzi makali, nayo hufukuliwa kutoka kwenye udongo, haiokotwi mtoni.

Uainishaji wa tatu ni wa uso wa jiwe: laini, lenye vinyweleo kama ngozi ya pea, lenye mikunjo, lenye mashimo. Huu ndio wanaoanza huuruka, na ndio waamuzi huutazama kwa muda mrefu.

Jumapili, Omiya

Treni kutoka Ueno hadi kituo cha Toro ni kama nusu saa, kisha unatembea dakika tano. Kijiji cha bonsai cha Omiya kilianzishwa 1925 na wakulima waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la Kanto la 1923. Jumba la Sanaa ya Bonsai la Omiya lilifunguliwa 2010, nalo lina mawe pamoja na miti.

Kilicho muhimu hapa ni vyumba. Kuna vyumba vitatu vya mikeka ya tatami vinavyofuata daraja tatu za urasmi: shin (rasmi kabisa), gyo (ya kati) na so (huru). Kila kimoja kina tokonoma, kidaka kikubwa cha ukutani kinachotundikwa mchoro mrefu na kuwekwa kitu kimoja cha kutazamwa. Jiwe likiwa mlima, mchoro nyuma yake hauwi wa mlima. Mwezi unafaa, au ndege wanaoruka mbali, au maandishi mafupi. Kurudia kitu kilekile huua vyote viwili. Na jiwe lenye mteremko mrefu kuelekea kulia huwekwa kushoto kidogo mwa katikati, ili mteremko upate mahali pa kwenda.

Kuna njia mbili za kulikalisha jiwe. Moja ni daiza, kitako cha mbao kilichochongwa kwa jiwe hilo peke yake. Nyingine ni suiban, sinia la kauri lisilo na tundu, au doban, sinia la shaba nyeusi, lililojazwa mchanga. Kwa desturi, daiza ni ya miezi ya baridi na sinia ni la kiangazi, kwa kuwa maji na mchanga hupoza macho. Ndiyo maana Februari karibu kila jiwe limekaa juu ya mbao.

Hesabu za sinia ni hizi. Urefu wake uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa jiwe, na kwa kisiwa au mlima wa mbali mara mbili au zaidi. Kina ni sentimita 2 hadi 4. Mchanga uwe wa punje za milimita 1 hadi 2, rangi ya krimu au kijivu cheupe, uliooshwa hadi maji yatoke safi. Jiwe liwekwe kwenye mgawanyo wa nne kwa sita, nyuma kidogo ya mstari wa kati, sehemu yake ya chini ikizama kidogo mchangani. Sawazisha mchanga kwa unyoya au brashi laini, kisha nyunyiza maji kwa chupa ya pampu.

Yanayoharibika hapa ni matatu. Mchanga wenye vumbi hulipaka jiwe ukungu mweupe ukikauka. Mchanga mweupe mno hukufanya uone mchanga badala ya jiwe. Na sinia lenye rangi kali au maua hushindana na jiwe, na ajabu ni kwamba masinia ya bei kubwa ndiyo mara nyingi yenye kosa hili.

Jumatatu, Nagatoro na Chichibu

Mto Ara, magharibi ya Saitama. Miamba ya Nagatoro ni shisti iliyobanwa chini sana ardhini, imepangika kwa matabaka hata huitwa mikeka ya mawe. Mwanajiolojia Mjerumani Heinrich Edmund Naumann alifika hapa 1878, na Wajapani hupaita mahali jiolojia yao ilipozaliwa. Miamba yenyewe inalindwa, huokoti kitu hapo.

Kwa jumla, Sheria ya Mito ya 1964 inaweka uchukuaji wa mawe na mchanga chini ya kibali cha mamlaka ya mto, na ndani ya hifadhi za taifa masharti ni makali zaidi. Uliza ofisi ya mto kabla ya kuinama. Kwa mgeni ni busara kutazama, kupima na kupiga picha, kisha kununua jiwe lililokusanywa zamani.

Namna ya kutafuta ni ileile popote mto ulipo. Nenda upande wa ndani wa kona, maji yanapopoteza nguvu na kumwaga mzigo wake. Tembea dhidi ya mkondo asubuhi, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha umbo ambalo jua la saa sita hulifuta. Usitafute "mlima". Tafuta kwanza ugumu na rangi iliyokolea, umbo ulione baadaye.

Ugumu hupimwa hivi. Sarafu ya shaba ikilikwaruza jiwe, liko chini ya 3 kwenye kipimo cha Mohs. Ni laini mno, na pembe zake zitalika kwa kushikwashikwa. Ncha ya kisu cha chuma ikilikwaruza kwa shida, liko karibu na 5, linafaa. Kisu kikiteleza na kuacha mstari wa kijivu, huo ni unga wa chuma chenyewe; jiwe liko juu ya 5.5, pengine ni cherti, nalo ni gumu la kudumu. Kikwaruzo kifanyike chini ya jiwe, kamwe si usoni. Kisha ligongegonge kwa kokoto: mlio mkavu na wazi ni wa jiwe zima, mlio uliokufa ni wa ufa.

Baada ya hapo lilowanishe, ulitazame linavyokauka. Jiwe zuri hukauka polepole na kwa usawa. Lenye mabaka yanayokauka haraka lina sehemu laini, nazo zitabaki nyeupe hata ulitunze miaka kumi.

Uzito nao usisahauliwe. Jiwe la sentimita 25 kwa 12 kwa 10, likijaza nusu tu ya boksi la vipimo hivyo, lina karibu kilo 4. Matatu ya namna hiyo begani na njia ya kupanda ukingo, goti linalalamika.

Chichibu mjini kuna Chinsekikan, jumba dogo lililojaa mamia ya mawe yenye sura za watu: macho, pua, midomo iliyoachama. Linachekesha, na lina faida kwa mwanafunzi, kwa sababu linaonyesha mpaka. Sura ya mtu huonekana mara moja na huisha mara moja. Keisho-seki bora haina macho, ina mkao tu. Bibi aliyejikunja kwa baridi anaonekana kwa mstari wa mgongo, na ukimtafuta uso wake humpati.

Jumanne, karakana ya daiza

Siku nzima kwenye karakana ya mchongaji wa vitako, Saitama. Kazi hii ndiyo huamua kama jiwe litaonekana au litapotea.

Mbao zinazotumika zaidi ni karin, shitan na kokutan, ambayo ni nyeusi. Msomaji wa Afrika Mashariki ana ndugu wa mbili kati ya hizo karibu na nyumbani: karin ni wa jenasi ya Pterocarpus, sawa na mninga, na shitan ni wa jenasi ya Dalbergia, sawa na mpingo. Mninga unachongeka vizuri na hauchezi sana ukikauka. Mpingo ni mgumu hasa, unamaliza makali ya patasi, lakini hubeba pembe nyembamba bila kumeguka. Kwa anayeanza, mninga.

Kabla ya mbao, mkao. Jiwe huwekwa ndani ya boksi la mchanga na kugeuzwa huku na huku hadi lipate uso wake. Utaratibu wa kulitazama huitwa sanmen no ho, kanuni ya pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Mbele panakaribisha. Nyuma pana mwili, hapakukatika ghafla kama ukuta. Kushoto na kulia havilingani, lakini vinajibizana. Chini panakaa kwa utulivu. Jiwe lenye uso mzuri na mgongo uliokatika ni jiwe la nusu, na upungufu huo huonekana hata ukitazama mbele tu, kwani kivuli chake ni chepesi mno.

Mkao ukipatikana, mchongaji huweka alama za penseli nyeupe kuzunguka jiwe, kwenye kimo ambacho mbao itaishia. Halafu kazi huenda hivi.

Ubao wa unene wa sentimita 3 hadi 5 hukatwa ukiwa mpana kuliko jiwe kwa sentimita 2 kila upande, nyuzi za mbao zikifuata urefu wa jiwe. Jiwe hukalishwa juu yake na kuchorwa mzunguko kwa penseli iliyosimama wima. Hapa ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Jiwe lenye tumbo lililotokeza huchorewa mstari mpana kuliko kitako chake halisi, na shimo likikatwa kwa mstari huo, jiwe huchezacheza humo. Dawa yake ni kukata ndani ya mstari kwa milimita 2 na kupanua kidogokidogo.

Shimo huchimbwa kwa drili kwanza, kisha kwa patasi ya mviringo. Sakafu isipungue milimita 6, la sivyo ubao utapasuka siku ya ukame. Kisha huanza kulandanisha. Karatasi kaboni huwekwa kati ya jiwe na mbao, jiwe hubonyezwa, huinuliwa, na kila penye alama nyeusi hukwanguliwa. Kisha tena. Jiwe la mto lenye kitako laini hulandana upesi, lakini Furuya-ishi yenye meno inaweza kumeza siku mbili. Ukiharakisha kwa kuondoa mbao nyingi kwa mara moja, jiwe litazama chini ya kimo ulichokusudia, na mbao haiongezeki tena. Wapo wanaojaza pengo kwa gundi na unga wa mbao. Fundi mzuri huanza ubao mpya.

Shimo likikamilika, jiwe huingia kwa pembe moja tu na kukaa bila sauti. Ukilitikisa likagonga, bado. Hata hivyo huachwa nusu milimita ya nafasi kwenye upande unaokata nyuzi, kwa sababu mbao husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu. Daiza iliyobana mno wakati wa mvua hupasuka yenyewe wakati wa baridi kavu, ufa ukianzia kwenye ncha.

Ukuta wa nje hufuata mstari wa jiwe na kuacha mdomo wa milimita 3 hadi 5. Mdomo mnene hufanya jiwe lionekane limekaa kwenye beseni. Miguu huwekwa pale jiwe linapotokeza au panapolemewa na uzito, kamwe si katikati kabisa ya upande wa mbele. Urefu wake ni milimita 5 hadi 10. Jiwe la mlima mpana lina miguu mifupi. Jiwe linalosimama wima linaweza kuvumilia mirefu kidogo.

Mwisho ni msasa, namba 120, 240, kisha 400, ukifuata nyuzi. Rangi iwe nyeusi kidogo kuliko jiwe au ilingane nalo. Mng'ao wa vanishi ya samani ni adui, kwa sababu taa itaangukia mbao na jiwe litafifia. Nta iliyopakwa kwa kitambaa na kufutwa hadi kitambaa kitoke kikavu, inatosha.

Jumatano, Nagoya

Treni ya kasi, saa moja na dakika arobaini hivi. Jumba la Sanaa la Tokugawa, lililofunguliwa 1935, ndilo linalomiliki jiwe mashuhuri kuliko yote Japani, Yume no Ukihashi. Huonyeshwa kwa vipindi tu, kwa hiyo angalia ratiba.

Mapokeo yanasema lilitoka China na kwamba Mfalme Go-Daigo, katika misukosuko ya karne ya 14, alitembea nalo kifuani. Jina lake ni la sura ya mwisho ya Genji Monogatari, riwaya ya kale ya Kijapani, na jumba hilohilo linahifadhi sehemu ya michoro ya Genji ya karne ya 12. Ni jiwe refu, jembamba, la chini, na linakaa juu ya ncha zake mbili, katikati pakibaki upenyo mdogo. Hicho ndicho kiini chake. Halina vilele vya kushangaza wala rangi. Wageni wengi hulipita wakitafuta kitu kikubwa zaidi.

Alhamisi, bonde la Neo

Reli ya Tarumi kutoka Ogaki, behewa moja, inapanda bonde la Neo mkoani Gifu. Theluji bado ilikuwa kando ya reli.

Tarehe 28 Oktoba 1891 tetemeko la Nobi lilipasua bonde hili. Ukubwa wake ulikuwa karibu 8, na watu zaidi ya 7,000 walikufa. Kwenye kijiji cha Midori ardhi ilipanda mita 6 kwa mkupuo, na ukingo huo ungalipo, na jumba la makumbusho limejengwa juu ya handaki ambalo linaonyesha mpasuko wenyewe. Mwanajiolojia Koto Bunjiro aliutumia ukingo huu kudai kwamba kuhama kwa nyufa za ardhi ndiko kunakoleta matetemeko.

Bonde hilo ndilo makao ya kikka-seki, jiwe la ua la krisanthemamu. Ndani ya basalti ya kale, ya kijani au zambarau iliyokolea, fuwele zimekua kutoka kitovu kwenda nje pande zote, zikawa petali nyeupe, za pinki au nyekundu. Mahali yanapotoka panalindwa na serikali kama hazina maalumu ya asili, kwa hiyo hata kokoto haiondoki. Yanayouzwa kwa halali yanatoka kwenye mikusanyiko ya zamani.

Hapa kanuni ya "usiguse jiwe" inalegea. Ua limezikwa ndani, lazima jiwe lisagwe na kung'arishwa ili lionekane, na waamuzi hukubali. Ndiyo sababu monyo-seki huhukumiwa kivyake. Swali si kama jiwe limeguswa, ni kama mchoro ni wa jiwe lenyewe.

Na udanganyifu upo: petali zilizopakwa rangi, zilizochongwa na kujazwa unga mweupe, au kubandikwa. Ugunduzi wake ni wa subira. Fuata petali moja kutoka kitovuni hadi ukingoni mwa jiwe. Ua la kweli ni mpira wa fuwele, kwa hiyo pale jiwe linapopinda petali huendelea kushuka ndani, na maua yaliyokatwa mbali na kitovu huonekana kama duara la vidoti. Ua la bandia huishia usoni. Maua yote yakiwa na ukubwa mmoja, shaka. Yakiwa na ncha zilizonyooka kama za rula, shaka zaidi.

Ijumaa, mto Seta

Mto Seta ndio mlango pekee wa asili wa kutokea maji ya Ziwa Biwa. Mawe yake ni ya daraja la juu. Kuna torafu, lenye milia ya manjano ya kahawia juu ya weusi, kuna nashiji lenye uso wa vinyweleo, na makuro, nyeusi tupu. Bwawa la Amagase, lililokamilika 1964, lilizamisha sehemu ya korongo chini ya hapa, na torafu nzuri siku hizi hupatikana kwa kununua au kurithi.

Kosa la kawaida juu ya torafu ni kuisafisha kupita kiasi. Milia ya manjano ina tabaka jembamba la uso uliochakaa. Brashi ya waya huliondoa na kuacha mistari ya chuma ambayo baadaye hushika kutu. Brashi ya nailoni, maji, kijiti cha mianzi kwa nyufa. Kuvu iliyokauka juu ya jiwe ilowekwe siku kadhaa badala ya kukwanguliwa. Tindikali ni ya nadra sana. Juu ya chokaa au jiwe lenye mishipa ya kalisaiti hutoa povu na kula maporomoko ambayo ndiyo yaliyolipa jiwe jina.

Kando ya mto kuna hekalu la Ishiyama-dera, lililoanzishwa 747. Uani mwake umesimama mwamba mkubwa wa wolastonaiti, chokaa iliyopikwa na joto la granaiti ikabadilika. Si suiseki, hakuna atakayeubeba, lakini mikunjo yake inafundisha jicho. Hapa, kwa mapokeo, ndipo Murasaki Shikibu alipoanza kuandika Genji, ambayo sura yake ya mwisho ilitoa jina la jiwe la Nagoya.

Jumamosi, Kyoto

Mto Kamo umepita katikati ya jiji. Rai San'yo, msomi na mshairi aliyefariki 1832, alijenga chumba chake cha kuandikia, Sanshi Suimei-sho, ukingoni mwake. Yeye na wenzake ndio walioyatoa mawe mikononi mwa mabwana wa vita na watawa, wakayaweka juu ya meza za wasomi. Hekalu la Nishi Hongan-ji, upande mwingine wa jiji, linamiliki Sue no Matsuyama, ambalo mapokeo yanalihusisha na bwana wa vita Oda Nobunaga. Kamogawa-ishi ni gumu, jeusi, lenye uso uliotulia. Kutoka milimani kaskazini huja Kibune-ishi, za zambarau na kijani.

Kununua kunaweza kufanyika kwenye soko la hekalu la Toji, tarehe 21 ya kila mwezi, au Kitano Tenmangu tarehe 25. Omba jiwe liinuliwe kutoka kwenye daiza. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Tazama kitako: kilichokatwa kwa msumeno ni bapa kabisa, kingo zake ni kali, na rangi yake ni changa kuliko ya uso. Jiwe lililokatwa si bandia, Japani kuna mengi, hasa milima ya mbali, lakini bei yake si ya jiwe zima, na linapaswa kuuzwa kwa jina hilo. Weka tone la maji juu yake. Tone likisimama kama shanga, jiwe limepakwa mafuta au nta. Mafuta huficha ukavu wa jiwe jipya na hunasa vumbi, na kuyatoa ni kazi ya miezi.

Uliza pia sanduku. Jiwe la heshima lina kiribako, sanduku la mbao nyepesi ya kiri, lenye jina la jiwe na la mwenyewe wa kwanza limeandikwa kwa wino kwenye kifuniko. Sanduku lisilolingana na jiwe kwa vipimo ni la jiwe jingine.

Jiwe jipya halipelekwi ukumbini moja kwa moja. Linaanza yoseki: linawekwa nje juu ya rafu ya mbao, penye jua na upepo, na kumwagiwa maji kila siku, asubuhi na jioni wakati wa joto. Kila baada ya miezi michache linageuzwa kidogo ili pande zote zipate hali ya hewa sawa. Maji yenye chokaa nyingi huacha mabaka meupe, kwa hiyo tumia ya mvua. Penye baridi ya kugandisha, jiwe lenye nyufa huingizwa ndani. Baada ya miaka kadhaa uso hupata utandu wa umri, weusi laini usiong'aa, ambao hakuna nta inayouiga. Wanaoharakisha kwa rangi ya viatu, na wapo, hutambulika kwa harufu.

Kuhusu kusafirisha: jiwe na daiza hufungwa mbali mbali, kwani jiwe likitikisika ndani ya kitako chake hukipasua. Fungia jiwe kwa kitambaa, kisha sponji ya sentimita 3, kisha sanduku gumu, liingie kwenye mzigo wa chini wa ndege, maana mlangoni jiwe la kilo 4 laweza kuhesabiwa silaha. Daiza ya shitan iko chini ya kanuni za kimataifa za miti ya Dalbergia. Kazi iliyokamilika huruhusiwa bila kibali hadi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo mmoja, nawe omba muuzaji aandike jina la mti kwenye risiti.